Kusokota uzi wa sufu nyumbani: kazi inaanzia kwenye beseni

Manyoya ya kwanza ya kondoo niliyopata niliyafua kama ninavyofua mashuka. Sabuni ya unga, kusugua kwa nguvu, halafu kusuuza kwa maji ya bomba ya asubuhi ya Julai, ambayo hapa Sakina, Arusha, huuma vidole. Jioni nikaanua kitu kizito na kigumu kama mkeka, hakichaniki wala hakivutiki. Paka wa jirani alikilalia hadi mvua za vuli.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza habari za kusokota uzi, naye kwa kawaida huanzia kwenye gurudumu (linapatikana wapi, linatengenezwaje, la mguu au la mkono), mimi humrudisha kwenye beseni. Uzi unaokatika kila dakika, uzi wenye mafundomafundo, uzi unaokwaruza shingo: mara nyingi kosa lilishafanyika kabla mguu haujagusa kanyagio. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye kufua na kuchana. Gurudumu litakuja zamu yake, likute kitu cha maana cha kusokota.

Sufu ya kondoo gani

Tuelewane maneno kwanza. Sufu ni manyoya ya kondoo. Sufi ni ile ya mti wa msufi tunayojazia mito. Inateleza, nyuzinyuzi zake ni fupi, hazishikani, na haitakupa uzi wa kufumia hata ukeshe. Nimeshaletewa kiroba cha sufi mara mbili na watu wenye nia njema kabisa, ndiyo maana nasema mapema.

Kondoo tunaowaona wakichungwa Monduli na Longido nao si wa sufu. Yule mwekundu wa Kimasai na yule mwenye kichwa cheusi wana nywele, tena fupi. Wamejaliwa mengine, huyu wa Kimasai anasifika kwa kuhimili minyoo kuliko kondoo wengi wa kigeni. Lakini ukimnyoa hupati uzi. Sufu yenyewe hutoka kwa aina kama Corriedale na Merino, wanaofugwa kwenye nyanda za baridi za Kenya kama Nyandarua na Molo, na kwa sisi wa Arusha mlango wa huko ni Namanga. Manyoya mabichi ni zao la mifugo, kwa hiyo kabla ya kubeba gunia ulizia kibali kwa watu wa mifugo mpakani. Ukimpata mfugaji wa huku juu mwenye kondoo chotara wenye sufu, umeokoa nauli.

Jambo moja usilifanyie mzaha: usichukue manyoya ya kondoo aliyekufa mwenyewe. Mikoa yetu hii inaujua ugonjwa wa kimeta. Vijidudu vyake hujifunika ganda gumu, vikakaa kwenye udongo na kwenye manyoya miaka mingi, na maji ya moto ya kufulia hayaviui. Uingereza ya karne ya 19, kwenye viwanda vya sufu vya Bradford, wachambuaji waliuvuta kwa pumzi hadi ukaitwa ugonjwa wa wachambuaji sufu. Chukua manyoya yaliyonyolewa kwa kondoo aliye hai na mzima, basi.

Unapochagua, ng'oa kishada kimoja kidogo kutoka begani mwa ngozi ile ya manyoya (kondoo akinyolewa vizuri, manyoya hutoka yameshikana kama blanketi moja). Kipime kwa rula. Kwa anayeanza, urefu wa sentimita 8 hadi 12 ndio rafiki. Kisha kishike ncha mbili, kisogeze sikioni, ukivute ghafla. Kikitoa mlio mkavu kama wa uzi wa gitaa, sufu ni nzima. Kikitoa sauti ya kuchanika, au kikikatika katikati, achana nacho hata kama bei ni ya kutupa: kondoo aliugua au alikaa na njaa wakati manyoya yanaota, na udhaifu huo hautoki kwa sabuni wala kwa dua.

Kwa kujifunza, kilo moja inakutosha kabisa. Ikishafuliwa itapungua, maana sehemu kubwa ya uzito ule ni mafuta, jasho lililokauka na vumbi. Usishangae kilo ikibaki gramu 600.

Kufua bila kusugua

Tandaza manyoya nje, juu ya turubai, upande uliokatwa ukiwa chini. Toa kwa mkono yote yenye mavi, yale ya tumboni, ya miguuni, na pembeni kote palipokaa mbegu za majani zinazonata. Usione uchungu. Mwaka wa kwanza nilikuwa nabakiza vipande vichafu nikisema vitatakata, na kila kimoja kilinirudia baadaye kikiwa fundo kwenye uzi. Kung'uta kinachobaki, utaona vipande vifupi vinadondoka, hivyo navyo ni vya shambani, vinatengeneza mboji nzuri.

Sasa elewa kinachotokea majini, ukikielewa huhitaji kukariri kitu. Unyoya mmoja wa sufu una magamba madogo madogo, kama ya samaki, yote yakitazama upande wa ncha. Maji ya moto na sabuni huyafanya yainuke. Ukisugua wakati huo, magamba ya unyoya huu huingia kwenye ya mwenzake, na hayatoki tena. Huo ndio ule mkeka wangu. Kubadilisha maji ghafla kutoka moto kwenda baridi, ukiwa unayavurugavuruga, huleta msiba uleule. Kwa upande mwingine, mafuta ya kondoo huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 40, hivyo maji ya vuguvugu hayasaidii kitu; mafuta yatajisogeza tu na kuganda upya. Kwa hiyo unataka maji ya moto sana, na mikono iliyotulia sana.

Wengi hatuna kipimajoto, lakini Arusha ina njia yake. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Sufuria moja ya maji yanayotokota ukiichanganya na sufuria ileile ya maji ya bomba, unapata nyuzi 57 au 58. Hapo ndipo pazuri.

Weka gramu 200 hadi 250 za manyoya kwenye mfuko wa nyavu wa vitunguu, ulegee, usishindilie. Kwenye beseni la lita 10 za maji yale, koroga vijiko vitatu vya chakula vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo *kabla* ya kuingiza mfuko. Zamisha mfuko polepole kwa kiganja hadi maji yauingie, kisha ondoka. Kweli, ondoka, kapike chai. Dakika 15 au 20, si zaidi, kwa sababu maji yakipoa mafuta yanarudi kwenye sufu.

Inua mfuko kwa mikono miwili kutoka chini, kama unavyomtoa mtoto mchanga majini, uache uchuruzike. Maji yatakuwa na rangi ya chai ya maziwa; yamwage kwenye migomba. Rudia kwa maji mapya yenye joto lilelile na sabuni nusu ya ile ya kwanza. Halafu suuza mara mbili au tatu, bila sabuni, joto lile lile kwanza na kupungua kidogo kidogo kila mara. Ukishika sufu na vidole vikabaki na utelezi wa nta, rudia sabuni mara moja.

Sabuni ya mche iache jikoni. Ina magadi, na magadi hula sufu taratibu. Jiki ndiyo usiiguse kabisa: jiki hailainishi sufu wala haiifanyi nyeupe, huiyeyusha, na nimeona kwa macho yangu kishada kikipotea kwenye kikombe.

Kausha kivulini, sufu ikiwa imetandazwa juu ya wavu wa kuku uliolazwa kwenye viti viwili, upepo upite juu na chini. Juni na Julai hukauka kwa siku mbili, tatu. Kiangazi ni siku moja. Usianike kwenye kamba, na wala usiikamue kwa kuinyonga. Ibane tu ndani ya taulo.

Kuchana

Chukua vishada vilivyokauka, kimoja kimoja, uvifungue kwa vidole hadi viwe kama wingu. Takataka zilizobaki zitaanguka zenyewe. Hii ni kazi ya kupiga soga, waite watoto na mgeni yeyote aliyekaa bure.

Brashi maalumu za kuchania sufu, zile pana zenye meno ya waya yaliyopinda, sijawahi kuzikuta dukani hapa mjini. Zinazofanya kazi ni brashi za kuchania mbwa zenye meno ya aina hiyohiyo. Nunua mbili zinazofanana. Moja uiweke pajani, meno yakitazama juu, mpini ukielekea kushoto; ipake sufu kidogo tu, kiasi cha kufunika meno. Ya pili ishike kwa mkono wa kulia na uipitishe juu yake kwa wepesi, ukianzia pembeni na kuingia ndani kidogo kila mara. Meno yasigongane. Ukisikia kwaru kwaru, umekandamiza. Mipito mitano au sita, sufu ikishahamia kwenye brashi ya juu, irudishe ya chini, uchane tena. Ikilala sawasawa, bila vidonge, ivue na uiviringishe kwa viganja iwe mrija mlaini, mrefu kama kiganja na wenye hewa ndani. Nyumbani kwetu tunauita mshumaa. Mishumaa 20 ndiyo kazi ya jioni moja ya kusokota kwa mtu anayejifunza.

Kuna wanaoruka hatua hii wakasokota moja kwa moja kutoka kwenye vishada. Inawezekana, na mikono iliyokomaa hufanya hivyo kwa makusudi. Mikono inayoanza itapata uzi mnene kama kidole hapa na mwembamba kama unywele pale, na lawama zote zitaangukia gurudumu.

Gurudumu lenyewe

Langu lilitengenezwa mtaa wa Unga Limited hapa mjini, kwa ringi ya baiskeli ya inchi 28, mbao za mkaratusi, na kanyagio la cherehani bovu. Nilipompelekea fundi mchoro aliugeuza mara mbili, akanitazama.

"Mama, hii baiskeli inakwenda wapi?"

"Inakwenda kwenye sweta, fundi."

Alicheka, lakini alilipatia, na ukiwa na fundi mwenye akili mweleze hivi. Ringi isiyo na tairi inasimama wima kati ya nguzo mbili, ikizunguka kwenye ekseli yake. Kanyagio chini linaizungusha kwa fimbo iliyofungwa kwenye mkono uliopinda, kama ilivyo kwenye cherehani ya mguu. Mkanda wa kamba ya pamba unalala ndani ya mfereji wa ringi na kupanda hadi kwenye puli ndogo ya mbao iliyo juu. Puli hiyo imekazwa kwenye fimbo ya chuma inayobeba kipande cha mbao chenye umbo la manati, kila mkono ukiwa na safu ya kulabu ndogo. Katikati ya manati hukaa bobini ya mbao, inayozunguka kwa uhuru juu ya fimbo. Mbele kabisa fimbo ina tundu linalotokea ubavuni: uzi huingia hapo mdomoni, hutokea ubavuni, hupita kwenye kulabu, huingia kwenye bobini.

Kisha ile siri ndogo: breki. Uzi mwembamba unapita juu ya shingo ya bobini, upande mmoja umefungwa kwenye mbao, mwingine kwenye kipande cha mpira wa tyubu na kigingi cha kukazia. Ukiushika uzi wa sufu mkononi, manati na bobini huzunguka pamoja, na uzi hujisokota tu. Ukiulegeza, breki huichelewesha bobini kidogo, manati inaipita, na uzi hujizungusha kwenye bobini wenyewe. Ukiielewa breki hii umemaliza nusu ya matatizo ya mashine yote.

Ringi ya sentimita 62 na puli ya sentimita 6 hukupa mizunguko kama 10 ya manati kwa kila mzunguko mmoja wa ringi. Kwa mwanafunzi 10 ni kasi. Mwambie fundi akuchongee puli ya pili ya sentimita 10, upate kama 6. Mimi nilijifunzia kwenye ile ya kasi kwa ubishi, na sikupata faida yoyote.

Kama fedha ya fundi haipo, anza na kijiti chenye kigae kizito chini, unachokizungusha kwa vidole na kukiacha kining'inie. Ni chombo cha kale kwetu: Kilwa wachimbuaji wamefukua vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, uzito wa vijiti vya watu waliosokota pamba ya pwani karne nyingi kabla ya meli ya Mreno. Kinaenda taratibu, ila uzi wake hauna kasoro.

Miguu kwanza, mikono baadaye

Tia tone la mafuta ya cherehani kwenye kila mahali chuma kinaposuguana na kitu. Vua viatu. Kaa kwenye kiti kisicho na mikono, na ukanyage bila sufu yoyote. Ringi izunguke kwa mwelekeo wa saa, na isirudi nyuma. Unatafuta mwendo wa polepole kiasi kwamba unakaribia kusimama, lakini hausimami. Waliokulia kwenye cherehani ya mguu hapa hupata shida ya pekee: wanajua kukanyaga, ila wanakanyaga kama wana sare za shule za kumaliza kabla ya Januari. Punguza. Nenda dakika 15 kwa siku, siku mbili au tatu, hadi uweze kukanyaga huku unasimulia habari za msibani bila kukosea.

Halafu funga uzi wa sufu wa dukani, kama mita moja, kwenye bobini. Upitishe kwenye kulabu na utoe mdomoni kwa kijiwaya kilichopinda. Huu ni uzi wa kuvutia. Kanyaga ukiwa umeushika: utausikia ukijisokota. Ulegeze: utavutwa ndani. Ukivutwa kwa nguvu za kukunyang'anya, legeza kigingi cha breki. Usipovutwa kabisa, kaza robo mzunguko. Weka breki laini kiasi kwamba inakuomba uzi, haikupori.

Kuvuta

Hapa maelezo ya karatasini huishiwa nguvu, lakini nitajaribu.

Mshumaa ushike kwa mkono wa kulia, kwa ulaini ule wa kumshika kifaranga. Ncha yake ilaze juu ya ncha ya uzi wa kuvutia, zipishane sentimita 7, na ubane hapo kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto. Kanyaga mara tatu, simamisha gurudumu. Sasa, gurudumu likiwa limesimama, rudisha mkono wa kulia nyuma kidogo: nyuzinyuzi zitateleza na kupungua unene mbele ya macho yako. Ukiona unene umefaa, telezesha vidole vya kushoto nyuma kuelekea kwenye mshumaa, na msokoto uliokuwa umezuiliwa utavifuata na kuufunga uzi. Lisha bobini. Kanyaga mara tatu. Simama. Vuta.

Fanya hivyo, kwa kusimama na kwenda, kwa wiki nzima. Watu huona aibu kusimama. Lakini mwenye kuvuta na kukanyaga kwa pamoja siku ya kwanza huwa na kazi ya kuunganisha tu, na hasira.

Msokoto usipite vidole vya kushoto ukaingia kwenye mshumaa. Ukiingia, sufu inafunga, haivutiki tena, na wewe utadhani umeikamata vibaya. Acha kukanyaga, usokotoe kinyume kwa vidole, uendelee. Na umbali kati ya mikono miwili usiwe mfupi kuliko urefu wa unyoya: ukibana nyuzi zilezile ncha zote mbili, unajivutana na wewe mwenyewe.

Utajuaje msokoto unatosha? Vuta kama sentimita 20 kutoka kwenye bobini, uukunje katikati uache ujipote. Ukijipota kwa ulegevu na kutulia, uzi wa kufumia sweta uko tayari. Usipojipota, kanyaga zaidi. Ukijikunjakunja kama mkia wa nguruwe, umezidisha. Kwa puli ya mizunguko 10, kukanyaga mara nne kwa kila sentimita 20 hutoa misokoto miwili kwa sentimita, na hapo ni pazuri kuanzia.

Uzi ukikatika usifunge fundo. Fumua ncha zote mbili ziwe na manyoya, zilaze pamoja sentimita 7, usokote. Ukikatika kila mara mahali palipo pembamba, msokoto haujatosha au breki imekaza mno. Ukikatika kwa kuachana tu, bila purukushani, ni msokoto. Uzi ukikataa kuingia bobini, angalia kwanza kama umenasa kwenye kulabu au nyoya zimeziba mdomo, ndipo ushike kigingi. Naona watu wakikaza breki hadi mpira unakatika kumbe tatizo ni kidonge cha sufu. Vidonge vikizidi, usilaumu mguu. Rudi kwenye brashi.

Sogeza uzi kulabu moja mbele kila safu inapojaa, bobini ijae sawasawa.

Kupota nyuzi mbili

Uzi mmoja peke yake hujikunja na kufanya sweta lielemee upande. Kwa hiyo jaza bobini mbili, kisha zipote pamoja. Chukua kasha la viatu, lipitishe spoki mbili za baiskeli kutoka ubavu hadi ubavu, kila spoki ibebe bobini yake. Funga ncha zote mbili kwenye uzi wa kuvutia wa bobini tupu, weka kidole kati ya nyuzi hizo zisikumbatiane mapema, na ukanyage *kinyume* na mwelekeo uliosokotea. Hili la kinyume ndilo linalosahaulika. Ukipota upande uleule, utapata kamba ngumu inayojinyonga. Ukipota kinyume, sehemu ya msokoto wa kwanza hulegea, nyuzi mbili hutafutana na kulala pamoja. Uzi uliotulia ukiuning'iniza kwa mkunjo wa mita moja hubaki wazi kama herufi U, haujipindi.

Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti au miguu ya stuli iliyopinduliwa. Pima mzunguko mmoja kwa futi. Ukiwa mita 1.5 na umezungusha mara 40, una mita 60. Funga kitita mahali panne kwa uzi wa pamba, kwa mafundo ya kulegea yenye umbo la nane, ukitoe, ukiloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika 20, ukibane kwa taulo na kukining'iniza kivulini bila kukitundikia kitu kizito. Kitavimba kidogo na kulainika. Uzi wako wa kwanza utaonekana mnono na wa kuchekesha. Fumia kofia ya mtoto, gramu 70 au 80 zinatosha, na unene usio sawa utaonekana kama ulipangwa.

Rangi, kwa ufupi

Maganda makavu ya vitunguu maji, uzito sawa na uzi, chemsha saa moja, chuja. Uzi uloweshwe na uchemshwe polepole kwanza kwenye maji yenye shabu, ile ya dukani ya mawe meupe, gramu 10 hadi 15 kwa kila gramu 100 za uzi. Utapata njano ya dhahabu hadi rangi ya machungwa. Pasha na upoze taratibu, maana kanuni za beseni hazijafutwa. Bizari ya manjano inapendeza siku ya kwanza, lakini jua la Arusha huila.

Na pamba?

Naulizwa sana, kwa kuwa pamba ni yetu. Simiyu na Shinyanga zinailima kwa wingi, na hata upande wa Kilimanjaro inalimwa. Tatizo ni urefu. Nyuzinyuzi za pamba ya huku zina milimita 27 hadi 29 hivi, yaani kama robo hadi theluthi hivi ya sufu nzuri. Kwa hiyo mikono inakaribiana sana, msokoto unahitajika mwingi zaidi, na puli ndogo ya kasi ndiyo inayofaa. Ile charkha, gurudumu la kusokotea la Kihindi, ambayo Gandhi aliipa umaarufu imejengwa kwa sababu hiyohiyo, kijiti chembamba kinachokwenda kasi, bila manati wala breki. Anza pamba ukishakuwa na vitita vinne, vitano vya sufu usivyoonea aibu. Tafuta pamba yenye mbegu, uitoe mbegu kwa mkono, uifungue kwa vidole. Ile ya roli ya duka la dawa imepaushwa na ina nyuzi fupi zilizokatikakatika, inatesa bure. Uzi wa pamba ukishapotwa uchemshe saa moja kwenye maji yenye sabuni kidogo, msokoto utulie. Hapo, tofauti na sufu, unaruhusiwa kuuchemsha, kuukamua na kuuanika juani, na sabuni ya mche inarudi kazini.